Chanzo cha Kuchelewa

Saa nne usiku, mwezi kumi na tano,
mkondo wa Siyu umebaki tope na mizizi ya mikoko.
Kaa wanatembea palipopita boti alasiri.

Mwanatwahara amejifungua, mtoto wa kike,
kilo tatu na kitu, analia vizuri.
Kondo halitaki kutoka.

Chuoni Voi nilifunzwa mapigo ya moyo,
presha, rangi ya kope kwa ndani.
Kuhesabu mwezi sikufunzwa.
Hilo nimelipata kwa Bunu, mwenye punda wa maji,
aliyesimama mlangoni na kofia yake mkononi:
"Yeo ni bamvua, sista. Mai yako mbali.
Yatarudi alfajiri."
Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Friji ya sola ilizimika Jumanne.
Sindano za kuzuia damu nimeziweka juu ya mtungi,
ndani ya kitambaa kibichi,
kama bibi yangu kule Wundanyi alivyotunza maziwa.
Nikamdunga moja. Nikamdunga ya pili.
Kama bado ni dawa au yamekuwa maji tu,
jibu nilikuwa nalisoma kwenye shuka.

Simu hushika ukipanda juu ya tangi.
Nikapanda.
Nahodha wa boti ya wagonjwa yuko Amu, yu macho, ana funguo.
Hana petroli.
Petroli ina karatasi, karatasi ina sahihi,
na mwenye sahihi yuko Mpeketoni, amelala,
kesho anamalizia semina
ya kuharakisha rufaa za dharura.

Basi tukamfunga kwenye kitanda cha kamba,
kitanda juu ya mkokoteni, punda wawili,
Shee mumewe mbele na tochi ya simu,
mama mkwe nyuma na mtoto ndani ya leso.
Mchanga hadi Mtangawanda.
Mkono wangu tumboni kwake, nakanda, nakanda,
kama unga wa mofa unaokataa kuumuka.
Aliniuliza mara moja tu:
"Mwanangu ana nwele?"
Nikamwambia anazo. Sikuwa nimeangalia.

Gatini, maji ya kina hayajali mwezi.
Palikuwa na boti moja, ya Kombo Vae, mnunuzi wa kamba,
shehena yake imepangwa tayari kwa soko la asubuhi.
Hakuuliza nani atalipa.
Alishika koleo akaanza kumwaga barafu baharini,
kisanduku baada ya kisanduku,
kitanda kipate pa kukaa.

Barafu.
Siku tatu nilikuwa natafuta barafu.

Leo Ijumaa nina fomu mbele yangu.
*Chanzo cha kuchelewa. Weka alama kwenye kisanduku kimoja.*
Familia haikuamua mapema.
Umbali.
Hali ya bahari.
Nimepeleka kalamu kwenye bahari, kalamu ikasita.
Bahari ilisema alfajiri,
na alfajiri mkondo ulijaa hadi ngazi ya mwisho,
Bunu ni shahidi, alikuwa akiwaosha punda damu.
Mwezi haukwenda semina.
Shee aliamua kabla sijamaliza sentensi.
Umbali uko palepale ulipowekwa.

Visanduku vyote vitatu nimeviacha vyeupe.

Mwanatwahara amepona. Chupa mbili za damu:
moja ya nduguye, moja ya Kombo mwenyewe,
aliyesema kamba zimeshaoza, haraka ya nini tena.
Na kwa kuwa amepona, fomu hii hakuna atakayeisoma.
Husomwa za waliokufa, tena kwa kikao, na chai.
Naijaza hata hivyo, kwa mwandiko wa kubana,
pale chini penye mistari miwili ya *Maoni*:

Friji bado.
Petroli bado.
Mtoto ana nwele nyingi.
Barafu ya Kombo Vae, kilo sitini. Naomba ilipwe.